Mhadhiri wa Famasia Mwenye Kituo Wodini

Ukipitia majina ya wahadhiri wa skuli yoyote ya famasia nchini Marekani, utaona makundi mawili. La kwanza ni la wenye PhD: watu wa kemia ya dawa, wa famasiutika, wa famakolojia, ambao maisha yao ni maabara. La pili, majina yao yanafuatwa na PharmD, shahada ya udaktari wa famasia, kisha herufi nyingine kama BCPS au BCIDP, na PhD mara nyingi haipo kabisa. Sisi tumezoea kwamba mhadhiri asiye na PhD yuko njiani kuitafuta, kwa hiyo ni rahisi kudhani hawa ni wadogo wa wale. Sivyo. Wamo maprofesa kamili kati yao, na ndio wanaomfundisha mwanafunzi kazi atakayoifanya mpaka astaafu: kusoma faili la mgonjwa, kupiga hesabu ya dozi kwa figo iliyochoka, kumwambia daktari bingwa mbele ya wenzake kwamba dawa aliyoandika itagongana na ile ya jana.

Hawa ndio wahadhiri wa utendaji wa famasia, au famasia ya kliniki. Nimeamua kuwaandikia safu nzima kwa sababu moja. Afrika Mashariki tumeshafungua idara zao, tumeshaandika mitaala yao, lakini njia ya kumpata mtu mwenyewe bado hatujaitengeneza vizuri. Tunamtafuta kwa cheti, wakati huyu anapaswa kutafutwa kwanza kwa kituo chake cha kazi.

Wamarekani nao hawakuzaliwa na mfumo huu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 mfamasia wa hospitali zao alikuwa mtu wa stoo, mara nyingi ghorofa ya chini, anahesabu vidonge na kujaza chupa. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Kentucky kilifungua kituo cha taarifa za dawa hospitalini, ambapo daktari angeweza kumuuliza mfamasia swali na kupata jibu lililotafutwa vitabuni. Miaka minne baadaye, 1966, Chuo Kikuu cha California cha San Francisco kilipeleka wafamasia ghorofa ya tisa ya hospitali yake, kwenye wodi za upasuaji, wakakaa hukohuko na wauguzi na madaktari. Mradi huo bado unakumbukwa kwa jina la ghorofa hiyo. Waliopanda ghorofani hawakuwa na mwalimu wa kuwaonyesha namna ya kufanya. Walijifunza wakitenda, na waliopitia mikono yao wakasambaa vyuoni kuwa wahadhiri wa kwanza wa fani yenyewe.

Shahada nayo ilibadilika kufuata kazi. Chuo Kikuu cha Southern California kilikuwa kimeanza kutoa PharmD mwaka 1950, lakini kwa miongo mingi vyuo vingi viliendelea na shahada ya kwanza ya kawaida. Ilipofika 2000 ndipo wasimamizi wa ithibati walipoifanya PharmD kuwa mlango pekee wa kuingilia taaluma kwa wanafunzi wapya. Ndani yake mwaka wa mwisho karibu wote ni wa nje ya darasa: mwanafunzi lazima afikishe angalau saa 1,440 kwenye vituo vya kazi, chini ya mfamasia anayemsimamia. Hapo hesabu ya wahadhiri ikabadilika. Profesa mmoja wa famasiutika anaweza kuhutubia ukumbi wa watu 150. Raundi ya wodi haibebi zaidi ya wanafunzi wachache, na kila kikundi kinataka mtu anayemjua mgonjwa wa kitanda cha tatu kwa undani.

Basi mtu huyo anatoka wapi? Kwa kawaida hivi: miaka miwili au zaidi ya masomo ya awali, minne ya PharmD, kisha mwaka mmoja wa urezidenti wa jumla, yaani mafunzo ya kazi baada ya shahada, hospitalini. Anayetaka kufundisha huongeza mwaka wa pili wa urezidenti katika eneo moja: magonjwa ya kuambukiza, wagonjwa mahututi, watoto, saratani au kliniki za wagonjwa wa nje. Katika miaka hiyo analipwa karibu nusu ya mshahara ambao mwenzake wa darasani anaupata dukani, au chini ya hapo. Anafanya zamu za wikiendi, anaandika utafiti mdogo, anafundisha wanafunzi wa PharmD, na programu nyingi humpa pia cheti cha ualimu. Akimaliza hufanya mtihani wa ubingwa wa bodi, na herufi zile za mwisho wa jina zinatoka huko. Anaweza kuwa profesa msaidizi akiwa na miaka 27, huku jirani yake wa ofisi ya kemia ya dawa akiwa bado anahangaika na utafiti baada ya PhD.

Urezidenti unampa mhadhiri kitu ambacho shahada haikitoi, nao mfano wake uko kwetu tele. Mtu aliugua homa ya baridi yabisi utotoni, vali za moyo zikaharibika, akawekewa vali ya chuma. Atameza wafarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye chuma hicho. Kisha anapata TB. Rifampisini inaliamsha ini, ini linaivunja wafarini kwa kasi, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, kinashuka. Dozi inapandishwa mara mbili, mara tatu, wakati mwingine zaidi, mpaka kipimo kirudi mahali pake. Hilo vitabu vinalisema. Mhadhiri aliyekaa wodini anamuuliza mwanafunzi jambo la upande wa pili.

"Dawa za TB anamaliza lini?"

"Mwezi ujao, Dokta."

"Na wafarini nani ataishusha?"

Hapo ndipo penye hatari. Rifampisini ikiisha, ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani polepole, kwa wiki mbili au zaidi, lakini dozi kubwa ya wafarini bado imeandikwa kwenye kadi. Mgonjwa ameambiwa amepona TB, anafurahi, kliniki ya moyo amepangiwa miezi miwili mbele. Anaweza kuvuja damu kichwani kabla ya tarehe hiyo. Kliniki ya TB inaona kazi yake imekwisha. Kliniki ya moyo haina habari kwamba kuna kilichobadilika. Mhadhiri aliyewahi kumfuatilia mgonjwa wa namna hii atakufundisha kuandika tarehe ya mwisho ya rifampisini kwenye faili siku ileile inapoanza, na kumpangia vipimo vya kila wiki baada yake. Aliyesoma mgongano huo kitabuni tu atakufundisha kwamba dawa moja hupunguza nguvu ya nyingine, atakupa maksi zako na somo litaishia hapo.

Hapa Afrika Mashariki mahali ambapo mfumo huu umeonekana waziwazi ni Eldoret. Skuli ya famasia ya Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, iliingia kwenye AMPATH, ushirikiano wa afya wa vyuo vya Kenya na Marekani, mwaka 2003, ikaweka wahadhiri wake wakaishi mjini humo na kufanya kazi katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka Purdue huja kwa wiki nane na kuzunguka wodini pamoja na Wakenya. Mojawapo ya kazi zilizozaliwa hapo ni kliniki ya dawa za kuzuia damu kuganda, ambako mfamasia ndiye anayepima, anayerekebisha dozi na anayempigia simu mgonjwa asiyetokea. Kwangu la maana zaidi ni kwamba wahadhiri walikuwa na kliniki yao wenyewe. Mwanafunzi hakuja kutazama kazi ya mtu mwingine.

Tanzania historia yetu ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Famasia ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 1974, chini ya Kitivo cha Tiba cha chuo kikuu, na leo skuli iko Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ikiwa na idara ya famasia ya kliniki na famakolojia. Tuna hata undugu na ile ghorofa ya tisa: kuanzia 2008 Chuo Kikuu cha California cha San Francisco kilishirikiana na MUHAS katika mradi mkubwa wa kuimarisha ufundishaji, na mitaala mipya inayojikita kwenye umahiri ikaanza kutumika mwaka 2011. Kwenye karatasi, mwanafunzi wetu anatakiwa ajue kutenda, si kujua tu.

Lakini tazama mhadhiri wetu anavyopatikana. Kijana anamaliza shahada ya kwanza akiwa na alama za juu, chuo kinambakiza kama mkufunzi msaidizi. Anasoma uzamili, anakuwa mhadhiri msaidizi. Anakwenda kutafuta PhD, anarudi mhadhiri, kisha mwandamizi, kisha profesa mshiriki, na kila ngazi inapimwa zaidi kwa machapisho. Ngazi hiyo imetupa wanakemia na wanafamakolojia wa kujivunia. Kwa mtu wa kliniki ina tobo: anaweza kupanda kutoka chini mpaka juu, na muda wake mrefu kuliko wote na wagonjwa ukabaki ule mwaka mmoja wa utarajali. Sisemi wote wako hivyo. Nimefundishwa na watu walioingia wodini kwa hiari yao, saa ambazo hakuna aliyewalipa, na mpaka leo nikiandika dozi ya gentamaisini nasikia sauti ya mmoja wao. Ninachosema ni kwamba walifanya hivyo licha ya mfumo.

Kuna suala la mwajiri pia. Muhimbili chuo na hospitali viko uwanja mmoja, lakini ni taasisi mbili zenye bodi mbili na vitabu viwili vya mishahara. Daktari mhadhiri ana mila ya miaka mingi inayompa wodi, wagonjwa na kitanda cha kufundishia. Mfamasia mhadhiri akifika wodini huonekana mgeni, na wakati mwingine mfamasia mwenyeji wa hospitali humwona amekuja kumkagua. Uingereza walilitafutia hili dawa mapema kwa kuajiri watu wa nusu kwa nusu: mtu mmoja, mikataba miwili, siku kadhaa za wiki hospitalini na nyingine chuoni, na kila upande unalipa sehemu yake. Marekani nafasi nyingi hugharimiwa hivyohivyo. Kuanzisha hilo hakuhitaji jengo wala msaada wa nje, kunahitaji barua kati ya wakuu wawili wa taasisi na wahasibu wenye subira.

Mfumo wa Marekani nao usituvutie kiasi cha kutufumba macho. Wengi wa wahadhiri wake wa kliniki wamewekwa kwenye ngazi ya pembeni, ya mikataba ya kuhuishwa, wakati wa maabara wanagombea ajira ya kudumu. Wana mabosi wawili, na kila bosi anadhani ana nusu kubwa. Skuli zao za famasia zilikuwa kama 80 mwaka 2000, zikapita 140 kabla ya miaka ishirini kwisha. Idara za utendaji zikawa zinahangaika kujaza nafasi, zikachukua marezidenti wabichi waliomaliza Juni na kuwakabidhi wanafunzi Agosti. Miaka miwili ya wodi ni mingi kuliko sifuri, ila bado ni miwili. Kisha wanaotaka kusoma famasia wakapungua, na baadhi ya vyuo hivyo leo vinatafuta wanafunzi kwa tochi.

Tena kuna jambo ambalo kwa hali yetu wodi peke yake haitoshi kulifundisha. Mtanzania anapougua, mara nyingi mtu wa kwanza kumpa dawa yuko dukani. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ulijengwa juu ya ukweli huo. Na mfamasia anayepangiwa hospitali ya wilaya hushindana na stoo kabla hajafika kwenye mgongano wa dawa: anajaza fomu ya maombi ya Bohari ya Dawa (MSD), anapokea pungufu, anaamua mgonjwa yupi apate viuavijasumu vilivyobaki. Katika idara ya utendaji wa famasia ningependa kumwona mtu aliyewahi kumiliki duka na kukataa kuuza vidonge vitatu vya amoksilini, mteja akaondoka na kwenda duka la jirani akavipata. Ningependa na aliyewahi kuwa mfamasia wa wilaya. Hata Marekani idara hizi huchanganya watu wa wodi na wa maduka ya mitaani, wachumi wa afya na wanasayansi ya jamii wenye PhD, na waliotoka kwenye mashirika ya udhibiti. Kwetu mchanganyiko huo una haja kubwa zaidi, ila kanuni za ajira zinaufungia mlango: mfamasia wa wilaya mwenye miaka kumi na mitano kazini na GPA ya kawaida ya mwaka 2005 hana pa kuingilia.

Kwa mtarajali anayemaliza mwaka huu na anaipenda kazi hii, ushauri wangu ni kuchelewa kidogo. Kaa miaka miwili au mitatu hospitalini, ikiwezekana ambako kuna wodi ya watoto na kliniki ya TB, ndipo uombe uzamili wa famasia ya kliniki. Weka daftari la mapendekezo uliyompa daktari, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Mengi yatakuwa mada za utafiti wako baadaye, na machapisho yatakayotakiwa chuoni utayatoa humo. Na siku ya usaili wa ukufunzi, wakikuuliza kama una swali, waulize ni wodi gani utakayopewa, siku zipi za wiki, na nani wa hospitalini ameshakubali.