Sanamu Hai Gatini Port Bell

Likizo iliyopita nilimsindikiza binamu yangu mpaka Port Bell, naye alikuwa na magunia ya kupeleka visiwani. Mashua ilichelewa sana. Hapo gatini palikuwa na msafiri mmoja, mzee wa Mwanza mwenye mwavuli mrefu, ambaye kwa kuondoa uchovu wa kungoja alianza kuigiza sanamu mashuhuri, akatutaka sisi tuzitaje. Wachukuzi waliacha mizigo yao wakaja kutazama.

Kwanza aliunyosha mwavuli mbele kama bunduki yenye singe, goti moja akalikunja. "Askari wa Dar es Salaam!" akapaza mchukuzi mmoja. Ndivyo hasa. Sanamu ile ya shaba iliwekwa mwaka wa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, na singe yake yaelekea bandarini. Akafuata Dedan Kimathi, aliyesimamishwa Nairobi mwaka wa 2007: mwavuli ukawa bunduki, na samaki mkavu aliyeazimwa kwa mama mmoja akawa sime. Tulicheka mpaka mama akamdai samaki wake.

Kisha akaketi juu ya gunia, kidevu juu ya mkono. Wote tulimjua yule Mwenye Kufikiri wa Rodin, Mfaransa. "Haya, mwanangu, keti wewe," akaniambia. Nikaketi, kiwiko cha kulia juu ya paja la kulia. "Umekosea!" Kumbe kiwiko cha kulia hukaa juu ya paja la kushoto. Jaribu, msomaji, kabla hujaendelea. Mgongo unajipinda, tumbo linakazwa, wala huwezi kudumu hivyo kwa raha. Nami siku zote nilidhani mtu yule anapumzika!

Mambo yakawa vilevile kwa ile sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka wa 1886. Kila mtu hujua kuinua mwenge, lakini mzee alituuliza habari za miguu. Tulisema imesimama sawasawa. La, kisigino cha kulia kimeinuka, kwa maana mwanamke yule anatembea, na miguuni pake pana minyororo iliyovunjika. Aliye chini hawezi kuiona vizuri.

Hapo akamwomba yule mama wa samaki mtoto wake mdogo, akajizungushia kitenge miguuni, akamwinua mtoto juu ya kichwa. Mtoto akanyosha mikono mwenyewe, pengine kwa hofu. Sote tukaitaja kwa pamoja: Sanamu ya Uhuru ya Kampala, kazi ya Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Vile vitambaa vilivyomzunguka mama ndivyo vifungo vya ukoloni. Haikupita dakika moja, mikono ya mzee ikaanza kutetemeka, mtoto akarudishwa. Yule wa Maloba amembeba wake tangu 1962.

Nikamwuliza, "Mzee, na ile ya hapa Luzira?" Hakuijua, wala wachukuzi hawakuijua. Nikawaeleza tulivyofundishwa darasani: kwamba mwaka wa 1929 wafungwa wa gereza la Luzira, lililo karibu na gati hii, walipokuwa wakichimba walifukua kichwa cha udongo wa kufinyanga pamoja na vipande vingine vya sanamu, kwamba wataalamu wanakikadiria kuwa na umri wa miaka elfu moja hivi, na kwamba kilipelekwa London, nacho kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza hata leo.

"Alisimama au aliketi?" akauliza. Nikanyamaza, maana katika kitabu chetu mna picha ya kichwa tu.

Mzee akaulaza mwavuli chini, akashusha mikono, akakaza uso peke yake. Mchukuzi mmoja aliyefika nyuma akauliza huyo ni nani. Mashua ikalia, tukaanza kupakia magunia.