POINTI ZINAZOTOKA MTARONI: JINSI LIGI YA VIJANA WA MATHARE INAVYOENDESHWA

Mwaka huu nimeona nisiandike juu ya nyota wa Ulaya ambao sote tunawaona kwenye televisheni. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kwa hiyo nitaeleza juu ya ligi ya hapa kwetu Nairobi, ambayo mimi nimeichezea tangu nikiwa na miaka kumi. Mimi ni beki wa kushoto katika timu ya wasichana. Wenzangu darasani huniuliza kila mara, "Ati nyinyi huokota taka ndio mpewe pointi?" Jibu ni ndiyo. Lakini jibu hilo lina maelezo yake, na maelezo ndiyo haya.

Ligi hii ni ya chama kiitwacho Mathare Youth Sports Association. Mtaani hakuna anayejisumbua na jina hilo refu, sisi husema MYSA tu. Kilianzishwa mwaka 1987 katika bonde la Mathare na Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi hapa Nairobi. Wakati huo watoto wa bondeni walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, bila refa na bila ratiba. Walikuwa na vitu viwili kwa wingi: hamu ya kandanda na milima ya taka. Mapatano yaliyowekwa yalikuwa mepesi kueleweka hata na mtoto wa darasa la kwanza: ukifanya jambo, nami nitafanya, usipofanya, nami sifanyi. Watoto walitaka mipira na marefa. Mtaa ulitaka kusafishwa. Basi mambo hayo mawili yakafungwa pamoja.

Sasa tuone ligi yenyewe inavyokwenda. Kwanza, eneo lote limegawanywa katika kanda, na kila kanda ina ligi zake kulingana na umri: walio chini ya miaka 10, chini ya 12, chini ya 14 na kuendelea. Faida ya mpango huu ni kwamba mtoto hucheza karibu na kwao. Hahitaji nauli ya matatu, na mama akimwita anasikia.

Pili, ligi inaendeshwa na vijana wenyewe. Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Timu za kila kanda huchagua kamati yao, na kutoka kwenye kamati hizo hupatikana wajumbe wa mabaraza ya juu, moja la michezo na jingine la huduma kwa jamii. Juu yake kuna baraza kuu. Wajumbe wengine ni wa umri wangu mimi na wewe. Wao ndio hupanga ratiba, husikiliza malalamiko na kuamua timu iliyochelewa uwanjani ifanyiwe nini. Usidhani ni mchezo wa kuigiza serikali. Ukiamua vibaya leo, kesho asubuhi utakutana na yule uliyemwamulia kwenye foleni ya maji.

Tatu, na hili ndilo jambo kuu, jedwali la ligi halihesabu mabao peke yake. Ukishinda mechi unapata pointi 3, ukitoka sare unapata 1, kama kwingineko duniani. Lakini kwa miaka mingi timu iliyomaliza kazi ya usafi imekuwa ikipewa pointi 6. Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme timu ya kwanza imecheza mechi sita, ikashinda tano na kutoka sare moja. Ina pointi 16, na haijafungwa hata mara moja. Timu ya pili imeshinda tatu, ikatoka sare mbili na kushindwa moja. Ina pointi 11. Lakini timu hii ya pili ilienda kuzibua mtaro Jumamosi, na ile ya kwanza ikalala. Ongeza 6 juu ya 11 upate 17. Naam, waliolala wamepitwa!

Kazi yenyewe si ya kupiga picha. Vifaa hutoka chamani: reki, mabeleshi, majembe na mawilbaro. Sisi huanza asubuhi kabla jua halijawa kali, maana mtaro ukipata joto harufu yake huwezi kuisimulia wakati wa chakula. Kuna wanaochota, kuna wanaosukuma, na kuna anayehesabu waliofika. Beki, kipa na mfungaji mabao hodari wote hushika beleshi. Nimeona wachezaji wenye sifa kubwa uwanjani wakifundishwa kusukuma wilbaro na mtoto wa miaka tisa ambaye hata pasi hajui kupiga.

Nne, kuna sheria za nidhamu ambazo shule nyingi hazina. Katika ligi yetu ni nahodha peke yake anayeruhusiwa kuzungumza na refa. Mchezaji mwingine akifungua mdomo kubishana, anaonyeshwa kadi. Isitoshe, mbali na kadi ya njano na nyekundu mnazozijua, kuna kadi ya kijani. Hiyo hupewa mchezaji aliyeonyesha tabia njema kuliko wote katika mechi. Inaweza kwenda hata kwa mchezaji wa timu iliyofungwa mabao manne. Watu wa nje hucheka wakisikia, lakini mimi nimemwona mvulana mkorofi akimwinua mpinzani aliyemwangusha, macho yake yakiwa kwa refa, akiitafuta kadi hiyo. Alianza kwa kuitafuta. Sasa huwainua wenzake hata mazoezini, ambapo hakuna kadi.

Je, washangiliaji? Sisi hatuna vikosi vya kushangilia vilivyovaa sare na kufundishwa kuruka, kama ligi za watoto za Marekani zilivyo navyo. Washangiliaji wetu ni wadogo zetu, mama mboga wa kando ya uwanja, na makanga ambao hawana zamu. Ngoma ni mtungi mtupu wa maji. Nyimbo hutungwa hapo hapo, na mchezaji akikosa bao la wazi atasikia jina lake katika wimbo kabla hajarudi katikati ya uwanja. Timu ikiwa nyuma, sauti hizo hukuongezea pumzi. Ndiyo maana huwa tunawaambia wadogo zetu mapema kwamba refa hatukanwi, kwani kijana aliyeshika kipenga pengine ni jirani yao na hana miaka kumi na minane.

Nije kwa wasichana, maana hapa nazungumza kwa niaba yangu. Miaka ya mwanzo ligi ilikuwa ya wavulana. Wasichana waliingia mwaka 1992. Tatizo halikuwa mpira, tatizo lilikuwa Jumamosi. Jumamosi kwa mtoto wa kike ni siku ya kufua, kuteka maji na kulea wadogo. Mama yangu aliniuliza swali moja tu: "Na mtoto atabaki na nani?" Nilimjibu kwamba mtoto nitaenda naye. Nilicheza msimu wangu wa kwanza mdogo wangu akiwa ameketi kwenye mstari pamoja na wadogo wa wenzangu, wakiangaliwa na mchezaji wa akiba. Tukimbadilisha mchezaji, anayetoka ndiye anayeshika zamu ya watoto. Hiyo sheria haimo katika kitabu chochote cha kandanda, lakini bila hiyo tusingefikisha wachezaji kumi na mmoja.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Kijana anayefundisha wadogo, anayechezesha mechi kama refa, au anayejitolea katika usafi hukusanya pointi zake binafsi. Hata kadi ya kijani huhesabiwa. Wenye pointi nyingi hupata tuzo ya uongozi, yaani karo, na fedha hizo hulipwa moja kwa moja shuleni, hazipiti mkononi. Jirani yetu mmoja alimaliza kidato cha nne kwa njia hiyo. Mimi nimeanza kuchezesha mechi za walio chini ya miaka 10, na ninaandika kila mechi katika daftari. Sijui kama zitatosha. Najua tu kwamba nyumbani tuko watatu shuleni, na kuna mihula ambayo mama huhesabu pesa zile zile mara mbili akitumaini zimeongezeka.

Matunda ya ligi hii yameonekana. Mwaka 1992 MYSA ilipewa tuzo ya Global 500 na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake hapa Gigiri. Mwaka 1994 iliundwa klabu ya Mathare United, ambayo ilitwaa kombe la Moi Golden Cup mwaka 1998 na 2000, na kisha ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Dennis Oliech aliichezea Mathare United kabla ya kwenda ng'ambo. Hata hivyo, kwa kila Oliech mmoja kuna maelfu yetu ambao hatutacheza ng'ambo. Ligi ambayo ingekuwa na faida kwa Oliech peke yake isingestahili kurasa za gazeti hili.

Wapo wanaopinga. Wengine husema si haki timu iliyofungwa iwe juu ya timu ambayo haijafungwa. Mimi nasema sheria ilijulikana kabla ya mechi ya kwanza, na beleshi halibagui. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husema kwamba kuzoa taka ni kazi ya kaunti, tena Katiba ya mwaka 2010 inasema hivyo, basi kwa nini watoto wafanye kazi ya watu wanaolipwa mshahara? Hoja hii siwezi kuipuuza, maana ni kweli. Taka ni jukumu la kaunti na lazima wakumbushwe. Lakini mvua haingojei bajeti. Mwezi wa Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika, watu wakafa na familia nyingi zikabaki bila makao. Sisemi watoto wenye mabeleshi wanaweza kuuzuia mto. Hawawezi. Ninachosema ni kwamba mtaro unaopita mlangoni petu ukiwa wazi, mvua ya kawaida hupita na kwenda zake, na ukiwa umeziba, maji hulala nasi kitandani. Isitoshe, aliyeuzibua mtaro kwa mikono yake ndiye mwenye kinywa cha kuuliza mbona lori la taka halikuja.

Kwa kumalizia, nina ombi kwa walimu wetu na viongozi wa michezo. Mashindano yetu ya madarasa ya mwaka jana mnayakumbuka: fainali haikuisha kwa sababu ya kelele za kumzingira refa, na uwanja ukabaki na maganda ya miwa na chupa hadi Jumatatu. Msimu huu tujaribu mambo matatu tu. Kwanza, nahodha peke yake azungumze na refa. Pili, tuwe na kadi ya kijani, hata ikiwa ya karatasi ya manila. Tatu, darasa litakalosafisha uwanja na mtaro ulio nyuma ya maabara lipewe pointi kwenye jedwali. Hayo hayahitaji fedha za harambee. Kamati iwe ya wanafunzi, na mwalimu wa zamu awe msimamizi tu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niko tayari kushika kipenga katika mechi ya kwanza, na nawaomba wasichana wa kidato cha pili waliosema hawana timu wanione darasani kwetu wakati wa chakula cha mchana. Wenye wadogo wa kulea waje nao, zamu tutapanga. Shime, wanafunzi wenzangu!