Symbian: Mfumo wa Simu Ulionunuliwa na Nokia na Kufunguliwa kwa Wote

Tarehe 24 Juni 2008 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitangaza kwamba ingenunua hisa zote za Symbian ambazo haikuwa nazo, karibu asilimia 52, kwa takriban euro milioni 264. Symbian ilikuwa kampuni ya London iliyotengeneza mfumo wa uendeshaji wa simu, yaani programu mama inayokiamsha kifaa, kusimamia betri, kioo na mtandao, na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Siku hiyohiyo Nokia iliahidi kuukabidhi mfumo huo kwa wakfu usio wa faida, na msimbo wake kuwa huria: yeyote angeweza kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kulipa ada ya leseni.

Symbian ilianzishwa mwaka 1998 na Psion, Nokia, Ericsson na Motorola. Psion ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyounda kompyuta ndogo za mkononi, na mfumo wake, EPOC, ndio uliozaa Symbian. Uliandikwa kwa ajili ya vifaa vyenye kumbukumbu kidogo na betri hafifu, hivyo kila chembe ya nafasi ilibanwa. Ubanaji huo uliusaidia sana mwanzoni, lakini baadaye uliwachosha waandishi wa programu, kwa kuwa hata kazi rahisi ilidai ustadi wa pekee.

Motorola iliuza hisa zake mwaka 2003 na Psion mwaka uliofuata, ushawishi wa Nokia ukazidi kukua. Watengenezaji wengine walijikuta wakilipia kila simu kwa kampuni ambayo mwenye hisa wake mkubwa alikuwa mshindani wao. Tena sura za mfumo ziligawanyika: Nokia ilitumia S60, Sony Ericsson UIQ, na Wajapani MOAP. Programu iliyoandikwa kwa sura moja haikufanya kazi kwenye nyingine.

Wakati huo Symbian ilikuwa bado juu. Mwaka 2008 zaidi ya nusu ya simu janja zilizouzwa duniani ziliutumia. Lakini iPhone ilikuwa imetoka mwaka 2007, na Google, iliyoinunua Android mwaka 2005, ilikuwa ikijiandaa kuutoa mfumo wake bure kwa mtengenezaji yeyote. Hakuna ambaye angekubali kulipia Symbian huku Android ikipatikana bila malipo.

Kuufungua msimbo hakukuwa jambo la siku moja. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kampuni nyingine, na kila kimoja kilipaswa kuombewa idhini au kuandikwa upya. Kazi hiyo ilikamilika tarehe 4 Februari 2010, mistari ipatayo milioni 40 ilipowekwa wazi.

Katika Kaptembwo, mtaa wenye watu wengi magharibi mwa Nakuru nchini Kenya, tangazo la Nokia halikugusa simu nyingi. Mulika mwizi, yaani simu ndogo zenye tochi kama Nokia 1100 na 1200, hazikutumia Symbian bali mfumo mwepesi zaidi, na huduma ya kutuma pesa ya M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilihitaji menyu iliyomo ndani ya laini tu. Symbian ilikuwa kwenye simu za bei ya juu kama N70, N73 na E63. Fundi wa simu aliyeletewa N73 iliyogoma alibonyeza *#7370#, akaweka namba ya siri 12345 ikiwa mwenyewe hajaibadilisha, nayo ikarudi ilivyotoka kiwandani, majina na picha zilizohifadhiwa ndani ya simu zikiwa zimefutika. Programu ikikataa kuingia kwa madai kwamba cheti chake kimekwisha muda, tarehe ya simu ilirudishwa nyuma mwaka mmoja au miwili, programu ikaingia, kisha tarehe ikarekebishwa.

Zaidi ya mbinu hizo fundi hakuwa na la kufanya, na hapo ndipo udhaifu wa ahadi ya Nokia ulipo. Simu ilikubali tu mfumo wenye muhuri wa kiwanda. Fundi angeweza kuusoma msimbo wote na bado asiweze kuujenga na kuutia kwenye N73 iliyo mezani kwake. Uhuru uliotolewa uliwafaa watengenezaji wa simu, na hao walikuwa tayari wanahama.

Sony Ericsson na Samsung ziliacha Symbian mwaka 2010, na Desemba mwaka huo wakfu ukafunga tovuti zake. Februari 2011 mkuu mpya wa Nokia, Stephen Elop, alitangaza kwamba simu janja za kampuni hiyo zingetumia Windows Phone ya Microsoft. Miezi miwili baadaye Symbian haikuwa huria tena, kwani kuanzia Aprili 2011 Nokia iliutoa msimbo kwa washirika wake tu.

Nchini Kenya nafasi hiyo ilijazwa na Android. Kampuni ya simu ya Safaricom iliuza Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, bei ambayo simu janja nyingi za wakati huo hazikuikaribia, na baada yake zikaja Tecno, Infinix na itel. Kiwanda kilichoutaka mfumo wa Android hakikulazimika kuununua kwa mshindani.

Simu ya mwisho ya Symbian, Nokia 808 PureView, ilitoka mwaka 2012. Microsoft ilikinunua kitengo cha simu cha Nokia mwaka 2014. Simu janja zenye jina la Nokia zilizorudi sokoni mwaka 2017, zikitengenezwa na kampuni ya HMD Global, zilitumia Android.