Mafuta ni ya Kwetu, Kopo ni la Kuagiza



Mtu anayepita katika soko la Ruvumera, pale Buyenzi, huona upande mmoja miche ya sabuni imepangwa juu ya meza bila ya karatasi wala kasha. Upande wa pili huona mafuta ya kujipaka, dawa za meno, poda na manukato, kila kimoja ndani ya chombo chake chenye rangi za kuvutia. Sabuni ya mche tunaweza kuitengeneza wenyewe, na tunaitengeneza. Vile vyombo vya rangi, kwa sehemu kubwa, vimevuka mipaka kuja kwetu. Maelezo yetu ya leo yanahusu tofauti hiyo, kwa kuwa ndani yake zimo fedha za wananchi.

Sabuni ya mche haihitaji kufungwa kwa sababu ya asili yake. Hutokana na mafuta, kama haya ya mawese yanayokamuliwa Rumonge, yakichanganywa na magadi makali ya viwandani. Ina maji machache, na ukali wake hauwapi vijidudu nafasi ya kuota. Kiwanda cha Savonor hapa Bujumbura kinajulikana kwa sabuni za namna hiyo.

Losheni ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na penye maji vijidudu hustawi. Tena hewa na mwanga huyafanya mafuta yachache. Kwa hiyo chombo kinachofunga barabara si pambo, bali ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Mafuta ya mgando yasiyo na maji yako katikati: huvumilia kopo lolote, mradi liwe safi na kavu.

Sasa tumfikirie fundi wa sabuni anayetaka kuendelea hadi kutengeneza losheni. Mafuta ya kuanzia anayo, na ujuzi anaweza kuupata. Kinachomkwamisha ni kopo. Katika miaka ya 1980 mji huu ulikuwa na kiwanda cha chupa cha Verrundi, lakini kiwanda hicho kilifungwa. Makopo ya plastiki, au chembechembe za kuyatengenezea, hutoka ng'ambo kupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli hadi Kigoma na kupakiwa melini, au huja kwa malori kupitia Kobero. Na kopo tupu huchukua nafasi ile ile ya kopo lililojaa. Maana yake ni kwamba fundi wetu hulipia usafirishaji wa hewa, tena kwa fedha za kigeni, ambazo zimekuwa adimu. Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipopunguza thamani ya faranga mwezi Mei 2023, gharama hiyo ilipanda hata kama bei ya mawese isingesogea.

Wenye viwanda vikubwa duniani walipata jibu lao zamani. Huko India, tangu miaka ya 1980, shampuu iliuzwa katika vipakiti vidogo vya kutumia mara moja, ili hata mwenye senti chache anunue. Mtindo huo umeenea Asia na Afrika. Lakini tufanye hesabu ya mfano tu: ikiwa kipakiti cha mililita 10 kinauzwa faranga 300, na chupa ya mililita 400 inauzwa faranga 8,000, basi mnunuzi wa vipakiti 40 atakuwa ametoa faranga 12,000 kwa kiasi kile kile. Hakuwa na faranga 8,000 kwa siku moja, na kwa ajili hiyo amelipa zaidi. Kipakiti chenyewe mara nyingi ni tabaka za plastiki na alumini zilizogandamana, ambazo ni vigumu mno kuzitenganisha na kuzitumia upya. Amri ya rais ya Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchini baada ya muhula wa miezi 18, lakini iliviacha nje vifungashio vya viwandani. Ndiyo sababu mfuko wa dukani umekatazwa, na kipakiti bado kinaweza kuonekana mtaroni kikielekea mto Ntahangwa na ziwani.

Kwa makopo makubwa hatari ni nyingine. Katika nyumba nyingi kopo likiisha hupewa kazi ya kuwekea chumvi au karanga, na hapo hapana lawama. Lawama ipo pale kopo lenye jina maarufu linapojazwa mchanganyiko usiojulikana na kurudishwa sokoni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Lakini kopo lililojazwa kwa siri halisemi kilichomo. Mnunuzi atazame kama utando wa chini ya kifuniko haujachanwa. Picha ndogo ya kopo lililo wazi, yenye maandishi 12M, maana yake ni miezi 12 tangu kufunguliwa.

Je, hapana njia? Brarudi kwa miaka mingi imeuza bia katika chupa zinazorudi kiwandani. Kwa maoni yetu, watengenezaji wadogo wa sabuni ya maji na mafuta ya mgando wangeweza kukubaliana juu ya kopo moja la umbo moja, linalorudishwa kwa amana, likaoshwa na kujazwa tena. Losheni isubiri, kwa kuwa kuosha kwake kunahitaji mitambo. Ugumu utakuwa kwenye kifuniko: chupa ya bia hupata kipya kila safari, lakini cha kopo ndicho watoto huchezea, na ndicho kinachopotea kwanza.