Pascal N'Zonzi: Mkongomani ambaye sura yake inajulikana kuliko jina

Uliza vijana wa Punia majina ya waigizaji wa sinema, watakutajia mara moja Bruce Lee na Jackie Chan. Lakini uliza ni Mkongomani gani aliigiza katika filme iliyoangaliwa na watu zaidi ya milioni 12 Ufaransa, wengi watanyamaza. Anaitwa Pascal N'Zonzi, mzaliwa wa Kongo.

Anafanya kazi gani?

Kila filme iko na mwenye hadithi, halafu kuko wale wanaomzunguka: baba mkali, adui, abiria, waziri. Hiyo ndiyo kazi ya N'Zonzi. Mwaka 1991, katika filme Night on Earth ya Mmarekani Jim Jarmusch, yeye na Mkameruni Emile Abossolo M'Bo ni abiria wa teksi mjini Paris. Wanamcheka sana dereva, mpaka anakasirika na kuwashusha njiani. Ni dakika chache tu, lakini hazisahauliki.

Kwa nini inatugusa?

Mwaka 2000, Raoul Peck wa Haiti, ambaye utoto wake aliishi Kongo, alitoa filme Lumumba. N'Zonzi aliigiza Moïse Tshombe, yule aliyetenga Katanga tarehe 11 Julai 1960. Mkongomani mwingine, mchekeshaji Dieudonné Kabongo, aliyefariki mwaka 2011, aliigiza Godefroid Munongo. Lumumba mwenyewe aliigizwa na Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kameruni. Na juu ya vita iliyokuwa inchini kwetu, filme ilipigwa Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Hadithi yetu, udongo wa wengine.

Fikiria pia uzito wa kazi ile. Kila tarehe 17 Januari inchi inamulilia Lumumba. Kuvaa sura ya Tshombe ni kukubali watu wakuchukie. Lakini bila Tshombe wa kweli mbele ya macho, mtoto aliyezaliwa juzi hataelewa Lumumba aliuawa namna gani.

Umaarufu ulikuja lini?

Ulichelewa. Ilikuwa mwaka 2014, miaka 23 nyuma ya ile teksi ya Paris, katika Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu? Ndani yake ni André Koffi, mzee wa Côte d'Ivoire anayekataa mtoto wake kuoa binti wa Kizungu. Baba ya binti, anayeigizwa na Christian Clavier, naye hataki. Wazee wawili wanaochukiana wanakuja kugundua kwamba wanafanana. Filme ilipendwa mpaka ikapata ya pili mwaka 2019 na ya tatu mwaka 2022, na N'Zonzi alirudi katika zote.

Kwa vijana wetu wanaocheza teatre shuleni ao kanisani: mukipewa nafasi ya maneno matatu, muyaseme vizuri. Kuko mtu aliyejenga maisha yake yote na nafasi kama hizo.