Je, Wajua? Ujiji, Kigoma na Ziwa Lake Mtandaoni

Je, wajua kwamba ukitafuta habari za "dagaa" mtandaoni, huenda ukaletewa samaki wasio wa kwenu? Dagaa wa Mwanza ni Rastrineobola argentea. Dagaa wa Kigoma ni Stolothrissa tanganicae na mwenzake Limnothrissa miodon, ambao ni jamii moja na sadini. Hawa na wale hata ukoo hawachangii. Mwanafunzi anayechanganya takwimu zao ataandika ripoti nzuri ya samaki asiyekuwepo. Dawa yake ni jina la kisayansi. Kisha ongeza majina ya majirani: "ndagala" ya Burundi, "kapenta" ya Zambia. Ziwa Tanganyika lina nchi nne, na utafiti umeandikwa kila upande wa maji.

Je, wajua kwamba Burundi nako kuna jiwe la wasafiri Livingstone na Stanley? Liko Mugere, kusini mwa Bujumbura, na zipo kurasa za utalii zinazodai kwamba hapo ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza. Kuza picha ya jiwe lenyewe usome tarehe: 25 Novemba 1871. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, wakapanda mtumbwi pamoja kwenda kaskazini kutazama kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. (Unaingia.) Jiwe halisemi uongo, aliyeandika ukurasa ndiye hakulisoma.

Na hiyo siku ya Ujiji ilikuwa lini? Stanley aliandika 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaiweka mwishoni mwa Oktoba, maana homa na safari vilikuwa vimempotezea hesabu ya siku. Ile salamu maarufu ya Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?", nayo ina utata: ukurasa wa shajara ya Stanley uliohusu mkutano ule ulichanwa, na Tim Jeal, katika wasifu alioutoa mwaka 2007, alitilia shaka kama maneno yale yalitamkwa kweli. Kwenye insha, taja tarehe zote mbili na nani kasema ipi. Mwalimu mzuri atakupa alama zaidi kwa hilo kuliko kwa kunakili tarehe moja kwa kujiamini.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1871 karatasi zilimwishia Livingstone, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea? Maandishi yakafifia hadi yakawa hayasomeki. Wataalamu waliyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, na tangu 2011 yamo mtandaoni bure. Mwanafunzi wa Ujiji anayasoma sawa na profesa wa London.

Na meli ya MV Liemba? Tafuta pia jina lake la kwanza, "Graf von Götzen", ndani ya alama za kunukuu ili maneno yaje pamoja. Kurasa na picha za Kijerumani zitafunguka. Ukikuta ukurasa unaosema Waingereza waliizamisha, uache: Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isitekwe. Iliinuliwa 1924 na kurudi kazini 1927.

Wikipedia isome kuanzia chini, kwenye marejeo. Huko ndiko kuna vitabu. Juu ni muhtasari tu.

Je, wajua njia ya haraka ya kupima kama ukurasa kuhusu Hifadhi ya Gombe umesasishwa? Angalia unavyomtaja mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika pale Julai 1960. Alifariki 1 Oktoba 2025. Ukurasa unaosema bado anazunguka dunia akihutubia umelala, na huenda idadi ya sokwe unayoitoa imelala nao.

Idadi ya watu wa Mkoa wa Kigoma: ukiona 2,127,930, hiyo ni sensa ya 2012. Ya 2022 ni 2,470,967. Ongeza site:go.tz mwishoni mwa utafutaji upate nyaraka za serikali kabla ya blogu.

Programu za akili unde? Ziulize zikupe maneno ya kutafutia, si marejeo. Huweza kukutungia kitabu, mwandishi na hata namba ya ukurasa, vyote hewa. Kitabu usichokiona kwa macho yako usikiorodheshe.

Na bando? Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bila malipo. Hati ya PDF ipakue mara moja, uisome ukiwa umezima data.