Mtoto wa Mashoto na Usemi Wake

Wazazi hutuuliza: je, mtoto ashikaye kalamu kwa mkono wa kushoto atachelewa kusema? La. Mwaka 1861, mjini Paris, tabibu Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye neno lake lilikuwa moja tu, “tan”. Alipokufa, ubongo wake ulikutwa umeharibika upande wa kushoto, kwa mbele. Na upande huo ndio uutawalao mkono wa kuume. Kwa hiyo watu wakadhani kwamba usemi wa watu wa mashoto umekaa upande wa pili. Sivyo; wengi wao, yapata 7 katika kila 10, usemi wao hutawaliwa na upande ule ule wa kushoto.

Sisi waalimu zamani tuliwachapa watoto hao vidole, twakiri, wakaandika vibaya na kuichukia shule. (Kula kwa kuume ni adabu, hilo hatuligusi, twanena habari za kalamu.) Mtoto akitimiza miaka 2 naye hajaunganisha hata maneno mawili, msiutazame mkono wake. Mpelekeni kwa tabibu, apimwe masikio.